Kwa nini nilifunga matundu ya hewa chini ya nyumba yangu

Nyumba nyingi za kawaida katika majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani hazikai juu ya sakafu ya zege iliyomwagwa ardhini, kama tulivyozoea Tanga, Mombasa au Dodoma. Hujengwa juu ya ukuta mfupi wa msingi, mara nyingi wa matofali ya saruji, na ndani ya mzunguko wa ukuta huo husimamishwa nguzo fupi zinazobeba mihimili na boriti za sakafu ya mbao. Kati ya boriti na ardhi hubaki nafasi ambayo aghalabu haifiki mita moja kwenda juu, na mtu mzima hupita humo kwa kutambaa. Mabomba ya maji hupitia humo, nyaya za umeme pia, na mara nyingi hata mabomba makubwa yanayosambaza hewa ya kiyoyozi. Huo ndio uvungu wa nyumba, na kwa familia zinazozungumza Kiswahili huku, ziwe zimetoka Kenya, Tanzania, Burundi au Kongo, ndiyo sehemu ya nyumba ambayo hatukurithi maarifa yoyote ya kuitunza.

Ninaishi katikati ya North Carolina, kwenye nyumba iliyojengwa miaka ya 1960. Kila ilipofika Juni, nyumba ilianza kunuka udongo mbichi, viatu vilivyowekwa chini ya kabati viliota ukungu, na mbao za sakafu ya ukumbini zilinyanyuka kingo kiasi cha kuzihisi kwa unyayo. Hiyo si hali ya nyumba yangu pekee. Nimeingia katika nyumba za jamaa na marafiki wengi wa hapa na kuikuta harufu ile ile. Mama mkwe wangu alipotutembelea kutoka Tanga alisema jambo ambalo kila mtu wa pwani angelisema: "Baba, fungueni madirisha nyumba ipate upepo, unyevu utakauka wenyewe." Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa kwa Tanga. Ninataka kueleza kwa nini huku ushauri huo huo, ambao kwa miongo mingi ulikuwa pia kanuni rasmi ya ujenzi wa Marekani, huozesha boriti.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mchana wa Julai hapa, joto likiwa nyuzi 32 za Selsiasi na unyevu wa hewa asilimia 60, hewa hiyo huanza kudondosha maji mara inapogusa kitu chenye joto la nyuzi 23 au chini ya hapo, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu inavyotoka jasho mezani. Sasa fikiria hewa hiyo inaingia uvunguni kupitia matundu ya ukuta wa msingi. Ardhi ya huku, ambayo imepitia majira ya baridi, bado ni baridi wakati huo. Uvunguni joto laweza kuwa nyuzi 21 au 22, na mabomba ya kiyoyozi ni baridi zaidi ya hapo. Hewa iliyoingia ikiwa na unyevu wa asilimia 60 ikipozwa hadi nyuzi 24 tu, unyevu wake hufika karibu asilimia 95, na haijaongezewa hata tone moja la maji. Ikigusa bomba la hewa baridi, mvuke unageuka matone. Kwa hiyo kadiri upepo unavyopita uvunguni wakati wa majira ya joto, ndivyo maji yanavyozidi kuingizwa humo.

Tanga mambo ni tofauti kwa sababu moja kubwa. Ardhi huelekea kushika wastani wa joto la mwaka mzima, na wastani huo Tanga ni takriban nyuzi 26, wakati katikati ya North Carolina ni kama nyuzi 15 au 16. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi sana, lakini katika nyumba isiyo na kiyoyozi ni nadra kupata ukuta, sakafu au udongo ulio baridi kiasi cha kuufanya mvuke huo udondoke. Upepo unapopita unakausha kweli. Wazee wetu waliojenga nyumba zenye madirisha yanayotazamana walielewa hali ya hewa yao vizuri, nasi tunawaheshimu kwa kuielewa ya huku vivyo hivyo.

Kanuni ya matundu huku ina historia ndefu. Tangu miaka ya 1940, taratibu za ujenzi zilizohusishwa na mikopo ya nyumba ya serikali ya Marekani zilidai uvungu upewe hewa ya nje, na kipimo kilichoenea hatimaye kikawa sehemu 1 ya matundu kwa kila sehemu 150 za eneo la sakafu. Nyumba ya mita za mraba 150 ilitakiwa, kwa hesabu hiyo, kuwa na mita moja nzima ya mraba ya matundu. Wakati huo watu wengi hawakuwa na viyoyozi, kwa hiyo vitu baridi uvunguni vilikuwa vichache. Viyoyozi vilipoenea kusini, mabomba ya hewa baridi yakapitishwa uvunguni, sakafu ikapozwa kutoka juu, na matundu yakabaki kama yalivyokuwa. Kanuni haikubadilika ingawa nyumba ilikuwa imebadilika.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka Princeville, mji mdogo wa mashariki mwa North Carolina. Ni mji ulioanzishwa na watu Weusi waliotoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na uliosajiliwa rasmi mwaka 1885. Wanahistoria wengi huutaja kuwa mji wa kwanza wa Marekani kusajiliwa na Waamerika Weusi. Septemba 1999 mafuriko ya kimbunga Floyd yaliufunika karibu wote. Katika ujenzi mpya uliofuata, taasisi ya Advanced Energy ya Raleigh ilipata nafasi adimu kwa mtafiti: nyumba 12 za ramani moja, kila moja ikiwa na takriban futi za mraba 1,040, zilizojengwa na mjenzi mmoja mahali pamoja. Zikagawanywa katika makundi matatu ya nyumba nne nne. Kundi moja liliachiwa matundu na vihami vya sakafuni, yaani vitu vya kuzuia joto lisipite, kama ilivyokuwa desturi. Mengine mawili uvungu wake ulizibwa, moja likiwa na vihami chini ya sakafu na lingine likiwa na vihami kwenye ukuta wa msingi. Uvungu uliozibwa ulikuwa mkavu zaidi wakati wa majira ya joto kwa tofauti isiyo na shaka, na nyumba hizo zilitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 15 au zaidi katika kupasha na kupoza hewa. Muda si mrefu baadaye, kanuni za ujenzi za jimbo zikaweka masharti ya wazi kwa wanaotaka kufunga uvungu. Nikiwafikiria wakazi wa Princeville, waliopoteza nyumba zao majini na kisha nyumba zao mpya zikawa darasa la eneo zima la kusini, naona tunawiwa nao shukrani.

Hata hivyo, kufunga matundu si kazi ya kwanza. Kabla ya kufunga chochote, maji ya mvua yaelekezwe mbali na nyumba, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya makampuni yanayouza huduma hii. Mhudumu wa kampuni moja alikuja kwangu, akatambaa uvunguni kwa dakika chache, akaniandikia bei ya maelfu ya dola kwa ajili ya karatasi nene nyeupe ya plastiki ya kufunika ardhi na mashine ya kukausha hewa, wala hakuinua macho kuangalia mifereji ya paa. Mifereji ilikuwa imejaa majani ya mialoni, na bomba moja la kuteremshia maji lilimwaga maji yake yote hatua moja kutoka ukutani. Mvua ya milimita 25 juu ya paa la mita za mraba 140 ni lita 3,500 za maji. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na udongo wetu wa mfinyanzi, ule mwekundu unaong'ang'ania viatu, hauyanywi maji haraka. Maji yanayoachwa kando ya msingi yatapita kwenye matofali ya saruji, na hakuna karatasi ya plastiki itakayobadilisha hilo. Itayaficha tu mpaka siku harufu irudi.

Kwa hiyo safisha mifereji, refusha mabomba ya kuteremshia maji yamwage mita mbili au zaidi kutoka nyumbani, kisha uutazame mteremko wa ardhi. Kanuni ya huku inataka ardhi ishuke inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza kutoka ukutani, na vitanda vya maua vilivyoinuliwa kandokando ya nyumba mara nyingi hufanya kinyume chake. Nilichukua udongo wa mfinyanzi, nikaujaza pale palipobonyea na kuushindilia. Kama baada ya mvua kubwa bado kuna maji yanayosimama uvunguni, basi unahitaji mfereji wa ndani wa kokoto unaopeleka maji kwenye kisima kidogo chenye pampu. Kwangu haikufika huko, lakini jirani mmoja ambaye nyumba yake iko bondeni hakuwa na njia nyingine. Angalia pia mabomba: bomba la hewa la mashine ya kukaushia nguo lililoishia uvunguni badala ya kutoka nje, au tone la bomba la maji machafu, vinaweza peke yake kueleza unyevu wote unaoulalamikia.

Baada ya maji ndipo ardhi yenyewe ifunikwe. Udongo unaoonekana mkavu juu huendelea kutoa mvuke usiku na mchana, na dawa yake ni karatasi ya plastiki isiyopitisha mvuke. Kiwango cha chini kinachotumika ni unene wa mili 6, yaani kama milimita 0.15, lakini kwa uvungu ambao mafundi wa umeme na mabomba watautambaa mara kwa mara ninashauri mili 12 hadi 20, kwa sababu nyembamba huchanika kwa magoti na kokoto. Vipande vipandane angalau inchi 6. Mimi nilivipandisha inchi 12, nikaviunga kwa utepe uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa utepe wa kawaida huachia baada ya muda mfupi katika unyevu. Kila nguzo izungushiwe karatasi yake na kuunganishwa na ya chini. Kingo zipandishwe ukutani na kubanwa. Ni kazi ya kuchosha mno, ya kulala kifudifudi huku taa ikikuangaza usoni, na haifai kufanywa haraka haraka, maana kila tundu linaloachwa hupitisha mvuke.

Neno moja la usalama kabla sijaendelea. Usiingie uvunguni peke yako bila mtu nje anayejua uko ndani. Vaa barakoa nzuri, glavu na nguo ndefu, kwa sababu ya kinyesi cha panya, vumbi la vihami vya zamani na buibui wenye sumu wanaopenda giza hilo. Kukiwa na maji yaliyotuama na nyaya za umeme ndani yake, zima umeme kwanza au mwite fundi. Na ukikuta mabomba yaliyofungwa kwa vifuniko vyeupe vya kizamani vinavyovunjika kama chaki, usiviguse mpaka vipimwe, kwani nyumba za zamani huenda zikawa na asbesto.

Hapo ndipo inapofika zamu ya matundu na vihami. Desturi ya zamani ilikuwa kubandika blanketi za fibaglasi, yaani pamba ya nyuzi za kioo, katikati ya boriti chini ya sakafu, na kuzishikilia kwa vijiti vya waya. Karibu kila uvungu wenye matundu niliouona umejaa blanketi hizo zikining'inia au zikiwa zimeanguka chini, zimeloa na kugeuka makazi ya panya. Pamba hiyo huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyotulia ndani yake. Ikijaa maji huacha kufanya kazi, tena hushikilia unyevu dhidi ya mbao. Ubao ukifika unyevu wa asilimia 20 ya uzito wake mkavu umeingia eneo la hatari, na ukikaa karibu na asilimia 28 au 30 kwa muda mrefu kuvu wa kuozesha huanza kuula. Nilizitoa blanketi zote, nikazitia kwenye mifuko, na ndipo nikaziona boriti zilivyo: nyeusi kwa ukungu upande wa kaskazini, lakini, nashukuru Mungu, bado ngumu kwa bisibisi.

Badala yake nilihami ukuta wa msingi kwa mbao za povu zenye unene wa inchi 2. Uwezo wa kihami kuzuia joto huku hupimwa kwa kipimo kinachoitwa R, na kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopita kwa shida. Povu la unene huo hutoa takriban R-10. Kwa kuhami ukuta, uvungu wote unakuwa sehemu ya nyumba: mabomba ya hewa hayapotezi ubaridi kwenye nafasi yenye joto, na mabomba ya maji hayagandi Januari. Anayependa kuacha vihami sakafuni katika uvungu uliozibwa hajapotea, kwani nyumba za aina hiyo za Princeville nazo zilifanya vizuri. Jambo la kuangalia ni aina ya povu, kwa sababu mapovu mengi huwaka kwa moshi mbaya, na kanuni zinataka yafunikwe au yawe ya aina iliyoidhinishwa kuachwa wazi uvunguni.

Mchwa ni suala ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa. Mchwa wa ardhini wa huku hujenga vijia vya udongo juu ya msingi kama wale wa kwetu, na povu lililogusana na ardhi huwapa njia ya siri hadi kwenye mbao. Ndiyo maana povu na karatasi ya ukutani havifikishwi juu kabisa: huachwa ukanda wazi wa kama inchi 3 chini ya mbao, mkaguzi aweze kuona kijia kikipita. Nimeona kazi za gharama kubwa ambazo mafundi walifunika kila kitu hadi kwenye boriti ili pawe peupe na papendeze, na hapo wakamnyima mwenye nyumba macho yake.

Ukishaziba matundu kwa povu na silikoni, na mlango wa kuingilia ukapewa mpira wa kuzuia hewa, bado kuna unyevu utakaoingia kidogo kidogo, kwa hiyo hewa ya uvungu lazima ikaushwe kwa makusudi. Njia mojawapo inayokubalika ni kupeleka humo hewa kidogo ya kiyoyozi, futi 1 ya ujazo kwa dakika kwa kila futi 50 za mraba; kwa nyumba ya futi 1,500 hiyo ni futi 30 kwa dakika, ambayo ni ndogo sana. Nyingine ni mashine ya kukausha hewa yenye bomba la kutolea maji nje. Nilichagua mashine, kwa kuwa katika miezi ya Mei na Oktoba kiyoyozi changu hakifanyi kazi vya kutosha ilhali hewa bado ni nzito. Kipima unyevu kidogo kisichotumia waya, kinachonipa nambari jikoni, ndicho kifaa cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Lengo langu ni chini ya asilimia 60 mwaka mzima.

Kuna hali ambazo uvungu haufungwi hivi hivi. Kama humo kuna tangi la maji ya moto au tanuru ya gesi inayovuta hewa ya kuunguzia kutoka hapo hapo, kufunga matundu kunaweza kurudisha moshi wenye kaboni monoksidi ndani ya nyumba, nayo huua bila harufu. Kifaa hicho kibadilishwe au kipewe hewa yake kutoka nje kwanza. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mafuriko, kanuni za serikali kuu zinadai nafasi za kupitisha maji, inchi 1 ya mraba ya tundu kwa kila futi 1 ya mraba ya uvungu, ili maji yasiuangushe ukuta. Hapo hutumika milango maalumu inayobaki imefungwa mpaka maji yaisukume. Na palipo na miamba ya graniti pima radoni, gesi yenye mionzi itokayo ardhini, ambayo shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri ishughulikiwe ikifika pikokuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. Karatasi iliyokwisha kutandikwa hurahisisha kazi hiyo, kwa kuwa bomba lenye feni huweza kuinyonya gesi chini yake na kuitoa juu ya paa.

Kwangu harufu iliondoka katika majira ya joto ya kwanza baada ya kazi, na mbao za ukumbini zililala zenyewe taratibu kadiri zilivyokauka. Sikuzipiga msasa mapema, na namsihi kila mwenye sakafu iliyonyanyuka kingo asifanye hivyo kabla mbao hazijakauka, maana atakayesawazisha mbao zilizovimba atazikuta zimebonyea kingo baadaye.

Wengi wa wenzetu, hata hivyo, ni wapangaji, na hawana mamlaka ya kugusa uvungu wa nyumba ya mtu mwingine. Mama mmoja kutoka Bukavu aliniuliza afanye nini, kwa kuwa mwenye nyumba alimwambia ukungu unatokana na upishi wake. Sheria ya North Carolina, kifungu cha 42-42 cha sheria za jimbo, inamtaka mwenye nyumba aiweke katika hali inayofaa kuishi, na miongoni mwa hali za hatari inazozitaja waziwazi ni maji yaliyotuama kutokana na mabomba yanayovuja au mfereji mbaya yanapochangia mbu au ukungu. Nilimshauri anunue kipima unyevu, apige picha za mlango wa uvungu na maji yanayoonekana humo baada ya mvua, aandike barua yenye tarehe na kubaki na nakala yake. Nilimsihi pia asiache kulipa kodi ili kumshinikiza mwenye nyumba, kwa sababu sheria hiyo hiyo haimruhusu mpangaji kuzuia kodi kwa uamuzi wake kabla mahakama haijasema, na familia kadhaa zimejikuta zinafukuzwa kwa kosa hilo wakati haki ilikuwa upande wao. Ofisi za msaada wa kisheria zipo, na mpangaji anayo haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili anapozungumza nazo.